Kuna Pingamizi?

Kamati ile haikuwa na desturi ya kupiga kura. Mwenyekiti husoma jina la kikundi, kisha huuliza, "Kuna pingamizi?" Wajumbe wakinyamaza, kikundi kimeshakuwa cha kigaidi. Na mbele ya wakubwa, kunyamaza hakumshindi mtu.

Kabla ya hapo huulizwa kama yupo mjumbe mwenye ndugu ndani ya kikundi. Aliye naye hutoka nje. Leo lilisomwa jina la Umoja wa Wachukuzi. Mwanasheria wa wizara, ambaye mdogo wake wa kiume alikuwa mwanachama, hakutoka. Alibaki kitini. Akitoka, nani atasema? Na sheria haimwachi hata anayewalisha magaidi. Kila Jumapili mama yao aliwapikia wachukuzi, maana mama yule hajui kupika chakula cha mtu mmoja.

Ofisa wa usalama, mtu wa sauti ya upole, akaeleza: daraja limechomwa, wachukuzi walikuwa wamegoma, basi ni wao. "Tuna mtu anayekula nao sahani moja," akaongeza.

"Kuna pingamizi?"

Kimya. Mjumbe mmoja alishaanza kukusanya makaratasi yake.

"Lipo," mwanasheria akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Sheria inataka ushahidi kwamba kikundi ndicho kilichopanga. Hapa tuna mgomo, na tuna moto. Nani ameviunganisha?"

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Haya, mama mwanasheria, umetucheleweshea chakula. Ofisa, katafute ushahidi. Tunaahirisha hadi kesho."

Nje, kwenye korido, mwanasheria aliegemea ukuta. Aliogopa, tena sana, lakini siku moja ilikuwa imepatikana. Angempigia mdogo wake ajitoe. Angemwambia mama azime jiko.

Ofisa akamfikia taratibu. "Umesema vizuri, dada. Ndiyo maana wanasema damu nzito kuliko maji."

"Sijakuelewa."

"Msalimie mama. Mwambie mchuzi wa Jumapili ulikuwa mtamu, ila chumvi ilizidi kidogo." Alitabasamu. "Nilikaa chini ya ile picha yako ya mahafali. Ulipendeza."

Mwanasheria alifungua mdomo, neno halikutoka.

"Hivyo hivyo," ofisa akasema, akimfungulia mlango. "Na kesho mwenyekiti akiuliza, kaa hivyo hivyo."