Kikombe cha Mama Paulo

Minza alitoka hospitali Mbeya mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, amekonda mpaka pete ya ndoa ilizungushiwa uzi isidondoke. Alikuwa amepasuliwa utumbo. Daktari alisema kidonda kimefunga vizuri ila mwili umeishiwa nguvu, na tumbo bado halijaweza ugali. Akapewa makopo ya unga wa lishe, wa kukorogwa na maji na kunywewa mara tatu kwa siku.

Helena, mke wa mtoto wao Paulo, alikuja kumuuguza nyumbani kwao, nje kidogo ya Chimala, mahali mashamba ya mpunga yanapoanza. Alikaa wiki mbili. Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, na Paulo yuko kiwandani Mgololo kwa zamu, watoto hawana mtu. Siku ya kuondoka alimweleza baba mkwe wake, Nyanda, namna ya kutengeneza kinywaji. Alieleza akiwa amesimama mlangoni, macho chini, kwa heshima ya mkwe. Nyanda naye alisikiliza akiwa amegeukia zizini, kwa heshima hiyo hiyo. Alipoulizwa kama ameelewa, akasema ameelewa.

Nyanda alikuwa na miaka sitini na nane. Aliingia Usangu akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani, na mpaka leo alikuwa anamtambua ng'ombe mgonjwa kwa namna anavyolaza masikio. Lakini chungu hakuwahi kukiinjika jikoni. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa chakula kilimfuata alipokaa.

Asubuhi ya kwanza alichemsha maji mpaka yakaruka, akajaza unga kikombeni kwa kijiko cha kulia wali, vijiko vya mlima, akamwaga maji yale juu yake. Yakatokea madonge. Akayaponda na ncha ya kijiko, kisha akakirudisha kijiko kile kile, kikiwa kibichi, ndani ya kopo. Baada ya siku tatu unga ulikuwa umeshikamana kama udongo wa kichuguu. Nyanda aliona kosa ni la kopo. Bati linatoa jasho kipindi cha mvua, hilo kila mtu anajua. Akachukua kibuyu cha maziwa, akakisuuza, akahamishia unga humo, na kukitundika juu ya mafiga ambako kuna joto. Hakukuwa na chombo alichokiamini kuliko kibuyu.

Kila kikombe alikipeleka mwenyewe, amekishika kwa mikono miwili, akakaa pembeni ya kitanda mpaka kiishe. Minza alikunywa chote. Mchana Nyanda alikoroga kingi kwenye jagi, na kilichobaki humo alikifunika na kumpa jioni, kwa kuwa kumwaga chakula cha mgonjwa aliona ni dhambi.

Wiki ya pili Minza alianza kuharisha. Alisema ni mwili tu unajisafisha. Walipokwenda kituo cha afya kupima uzito, alikuwa amepungua kilo mbili zaidi.

Nesi aliyewapokea aliitwa Esnath, binti wa Kisafwa mwenye sauti ya chini. Aliuliza mama anakula nini, nani anamtengenezea, na kopo linawekwa wapi. Nyanda alijibu kila kitu bila kuficha, tena kwa fahari kidogo. Esnath akamwomba kesho yake arudi na huo unga.

Alirudi na kibuyu, na Minza akaja naye. Esnath alikifungua, akanusa, akamimina kidogo kwenye sahani. Ulitoka vipande vipande, rangi imegeuka, na harufu ya mgando. Kisha akaeleza taratibu kwamba kibuyu, hata kikisuuzwa vipi, maziwa hayaishi ndani yake, na unga huu ukipata unyevu na joto unaharibika kama chakula kingine. Tumbo lililopasuliwa haliwezi kuvumilia hilo.

Minza alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunga khanga mabegani.

"Ulikuwa husikii kuwa umechacha, mama?" Esnath alimuuliza.

"Nilisikia."

Nyanda akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili ya kibuyu."

"Na ukanywa?"

Minza aliangalia mikono yake. "Baba Paulo, hujawahi kunipikia kitu. Niliona nikisema ni kibaya, utaacha."

Nyanda alitoka nje. Alisimama karibu na bomba la kunawia, mvua nyepesi ikimlowesha kofia, na kwa muda mrefu hakuweza kurudi ndani. Alikuwa anafikiria vikombe vyote vile, na jinsi alivyokuwa akimhimiza amalize. Aliporudi hakukaa. Alimwambia Esnath: "Mwanangu, nifundishe kama mtoto. Safari hii nitaangalia."

Esnath hakumfundisha kwa maneno. Alileta kopo jipya, akampisha mezani. Nyanda akanawa mikono kwa sabuni. Maji yaliyokwisha chemshwa na kupoa akayamimina kwanza, mpaka kwenye mstari wa kikombe, yakiwa vuguvugu. Halafu ndipo unga, kwa kijiko kidogo kilichokuja ndani ya kopo, kikiwa kikavu, kila kijiko kimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Vijiko sita, si saba kwa ajili ya huruma. Akakoroga mpaka madonge yakaisha. Akaambiwa kinywaji kikikaa zaidi ya saa mbili kimwagwe, hata kama roho inauma. Kopo lifunikwe mara moja na likae chumbani, pakavu, mbali na moto. Na likishafunguliwa, wiki tatu zikiisha, kilichobaki kisitumike. Kwa kuwa Nyanda hajui kusoma, Esnath alimwambia achore mstari wa mkaa ukutani kila siku inayopita.

Nyanda alirudia mara tatu mbele yake. Kikombe cha tatu Esnath alimpa Minza.

Minza akaonja. "Hiki ni kizuri," alisema. Akanywa tena, kisha akamtazama mumewe. "Kuanzia leo ukikosea nitakuambia."

"Niambie," Nyanda alisema. "Hata kama ni kila siku."

Kuharisha kuliisha ndani ya wiki. Siku moja jirani yao Eliezeri alipita kumchukua waende mnadani kuuza madume, akamkuta Nyanda ameinama juu ya kikombe, anasawazisha kijiko, midomo ikihesabu. Eliezeri alicheka, akamwambia wanunuzi watapata ng'ombe wengine. Nyanda hakuinua kichwa. Alimwambia atangulie, yeye atakwenda mama akishamaliza kunywa. Minza alikuwa anasikia kutoka chumbani, na alikunywa polepole siku ile.

Mwezi wa nne mizani ilionyesha kilo sita zaidi. Esnath aliandika kwenye daftari, akasema unga sasa basi, mama ale uji, wali laini, samaki, na mwisho wa mwezi ajaribu ugali.

Walitoka pale mvua imekatika. Nyanda alitaka kuita bodaboda. Minza akasema anataka kupita sokoni kwa miguu yake. Alikwenda akisimama hapa na pale kupumzika, akafika kwenye nyanya, akaanza kuzibonyeza moja moja na kubishana bei na muuzaji kana kwamba hakuwahi kuugua. Wanaume waliomfahamu Nyanda walimsalimia wakipita. Aliwaitikia wote akiwa amesimama nyuma ya mke wake, kikapu mkononi, akisubiri aambiwe akifungue.