Hodi ya Marehemu

Kitabu cha kumi na mbili cha Mama Kiwewe kilikuwa na kurasa mia mbili na ushee, na hofu yake yote ilikaa kwenye neno moja. Marehemu anarudi kwake, anasimama mlangoni, anapiga hodi. Basi! Hana pembe, hana damu mdomoni. Ila ole wako uitikie "karibu", maana umemwingiza mwenyewe, na mgeni uliyemkaribisha humfukuzi.

Jina la Mama Kiwewe alipewa na wenzake wa chumba cha mafaili, hospitalini, alikofanya kazi miaka ishirini na mitatu. Wenzake wakienda kula, yeye anabaki kuandika hadithi za kutisha nyuma ya fomu zilizoharibika. Wasomaji waliviazima vitabu vyake wasivirudishe, lakini wakubwa wa fasihi walivikunjia pua, eti ni vya kutishia watoto. Watoto gani? Watu wazima walikuwa wanakwenda chooni wawili wawili!

Ndipo akaja mwongozaji wa filamu, kijana wa miwani mikubwa na maneno makubwa zaidi. Alikipenda kitabu chote, isipokuwa pale penyewe.

"Mama, hodi haitishi. Kila mtu anapiga hodi, hata muuza mayai."

"Ndiyo maana inatisha, mwanangu."

"Watu wanataka kuona! Mimi nimeweka zimwi linavunja mlango. Lina kucha hivi, na moshi."

"Linalovunja mlango ni jambazi tu, hata likiwa na kucha. Wangu anangoja akaribishwe."

Walivutana wiki tatu. Kijana alikuwa mbishi, lakini Mama Kiwewe naye hakuwa wa kuburuzwa. Mwisho wakakubaliana: tukio lipigwe picha mara mbili, la hodi na la zimwi, kisha la hodi lijaribiwe mbele ya watu. Watu wakicheka, zimwi linaingia, na jina la Mama Kiwewe litakaa juu ya zile kucha za plastiki milele. Aliogopa, asikudanganye mtu. Kazi ya umri wake wote ilikuwa inakwenda kupimwa kwa neno la silabi mbili.

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa. Alikaa safu ya nyuma, kulia kwake mwongozaji, kushoto kwake dada yake mkubwa, aliyekuja shingo upande na kitambaa cha kujifunika macho.

"Ikianza kunuka maiti, mimi natoka," dada alionya.

"Sinema hainuki, dada. Tulia."

Filamu ikaenda. Mapema kabisa mganga aliwaambia wafiwa, na ukumbi mzima ukasikia: akija, msimwitikie. Siku ya tatu mjane yuko sebuleni anakunja nguo. Akasikia hatua nje. Akaachia shati, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hapo kukawa kimya, kimya kirefu. Kijana mmoja safu ya mbele akacheka kidogo, na Mama Kiwewe akavua viatu, tayari kutoroka.

Kisha ikaja sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyechoka kutembea.

"Hodi."

"Karibu!" akaitikia dada, macho yamefunikwa, kwa sauti ya nyumbani kwake. Na si yeye peke yake. Kulia, kushoto, mbele, nusu ya ukumbi ilisema "Karibu!" kwa pamoja. Mazoea yana taabu!

Pale kwenye skrini mjane alikuwa bado amejiziba mdomo. Hakuitikia. Wameitikia wao.

Kitasa kikazunguka.

Lo! Kelele iliyopigwa humo ndani hadi mkata tiketi akaingia mbio. Watu walipandiana mapajani. Yule wa kucheka alikuwa chini ya kiti.

"Umenifanya nimkaribishe maiti, mwanaharamu wewe!" dada alilia, huku amemng'ang'ania mdogo wake shingoni.

Mwongozaji alivua miwani. "Mama," alinong'ona, "hata mimi nimeitikia. Mimi niliyeipiga hiyo picha!"

Taa zilipowaka watu wakaanza kupiga makofi, wengine wanacheka, wengine wanafuta machozi, wote wanageuka kumtafuta aliyewatenda vile. Mama Kiwewe alipanda juu ya kiti chake, viatu mkononi, akainama pande zote nne. Alikuwa na furaha ya kupasuka, na hakuificha hata chembe.