Maneno Ishirini na Manne

Waridi anauza khanga Mtaa wa Msimbazi, na kazi hiyo imemharibu. Wateja wake hawanunui rangi, wananunua maneno ya kumrushia mtu. Basi yeye akiona maandishi popote, hata kwenye mfuko wa sukari, hutafuta nani anapigwa kijembe.

Jumapili moja aliingia sebuleni na chai, mumewe Kitwana akafunika karatasi kwa kiganja. Pembeni yake alikaa Shadya, yule dada wa duka la simu Mtaa wa Aggrey, mwenye kucha ndefu na cheko la bure. Mezani palikuwa na kidude kama flashi.

"Cha kutunzia bitcoin zetu," alisema Kitwana. "Zile pesa za mtandaoni za kununulia kiwanja cha Kigamboni. Zikikaa kwenye simu zitaibwa."

"Na karatasi?"

"Hiyo haonyeshwi mtu, wifi," Shadya alidakia. "Hata wewe."

Wifi! Tangu lini?

Kesho yake Waridi alipekua kabati mpaka akaikuta, mfukoni mwa kanzu ya harusi. Maneno ishirini na manne ya Kizungu, yamepewa namba, mwandiko wa mumewe. Kizungu chake cha kidato cha nne kilitosha. La tatu, asali. La saba, busu. La kumi na moja, siri. Mengine, ngazi, mbuni, kiazi, hakujua yanamsema nani, na hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi. La mwisho kabisa lilikuwa waridi. Jina lake, mkiani, nyuma ya kiazi!

Wiki nzima, Kitwana akishatoka kwenda kwenye duka lake la vipuri mtaa wa Gerezani, Waridi aliitoa akaisoma upya. Ijumaa akaitia kwenye jiko la mkaa, akapikia pilau.

Jumamosi mchana Kitwana aliingia akitweta. Alikuwa amekosea namba ya siri mara tatu, kidude kikajifuta.

"Si kitu, maneno yapo," alijifariji. "Nikiyaingiza kwa mpangilio wake, kila kitu kinarudi. Bila hayo, kiwanja hatuna." Akatia mkono mfukoni mwa kanzu. Akautia tena.

"Nimeichoma," alisema Waridi.

Kitwana alikaa chini sakafuni.

"Kwa nini, mama Nasreen?"

"Utamwandikia Shadya asali na busu, halafu mimi uniweke mwisho?"

Kitwana aliinua uso taratibu. "Kumbe umeyasoma?"

Kuyasoma! Alikuwa ameyatafuna wiki nzima, akikunja khanga, akiosha vyombo. Akayataja, la kwanza hadi la ishirini na nne, kwa hasira ile ile, Kitwana akibonyeza moja moja. Kidude kikakubali. Bitcoin zote zilikuwamo.

Kitwana alicheka mpaka machozi. "Mke wangu, sikuyatunga mimi, wala Shadya. Kidude chenyewe kinaokota maneno ovyo ovyo. Mimi nilinakili tu."

Waridi alishusha pumzi. Aliona haya, akaona na raha. Kisha akakumbuka.

"Hata busu?"

"Hata busu."

"Na lile la mwisho?"

"Hata hilo. Bahati tu."

Waridi aliokota kanzu, akaikunja polepole. Laiti mumewe angesema lile moja alilichagua yeye.