Mteja Aliyenizaa

Mama yangu aliponiambia anataka kwenda likizo, nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikucheka kwa ubaya. Mama ameoka keki za harusi tangu mimi sijazaliwa, na Jumamosi zote za maisha yake zimeishia ndani ya aproni, akiwapambia keki watu wanaokwenda fungate. Yeye mwenyewe hajawahi kulala mahali ambapo hajui chumvi imewekwa wapi.

"Ukimaliza kucheka uniambie," akasema. "Nakwenda na mume wako."

Kicheko kikakatika hapo hapo.

Mume wangu ni mwongoza watalii. Kazini wanamwita Dira, kwa sababu hajawahi kumpoteza mtu porini, ingawa nyumbani hajui hata soksi zake zinakaa wapi. Kazi yake ni kuchukua vikundi vidogo na kuvizungusha: kwanza msitu wa mvua na maporomoko yake, halafu ziwani kwa boti, mwisho ufukweni watu wajilaze wasahau miguu inavyouma. Wateja wanampenda. Ana kipaji cha kumwambia mtu hapana na mtu akaondoka anashukuru. Niliwahi kumsikia akimwamuru mfanyabiashara mmoja, mwenye tumbo lake na sauti yake, avue viatu vya ngozi avae buti za mpira. Yule bwana alivua bila ubishi.

Mbele ya mama yangu, lakini, Dira huwa mtu mwingine. Sauti inashuka, mabega yanashuka, mikono haijui ikae wapi. Tangu tuoane hajawahi kumwambia mama neno la moja kwa moja zaidi ya "Shikamoo" na "Ahsante, nimeshiba." Mengine yote yanapitia kwangu. Mama amekaa hapa, yeye amekaa pale, wanatazamana kabisa, na bado atanigeukia mimi: "Mwambie mama feni ipo, kama anaona joto." Mama naye: "Mwambie mume wako nimeiona." Na mimi katikati, kama posta.

"Kwa nini usiende na kampuni nyingine, Mama?" nikamuuliza.

"Kwani mkwe wangu kazi haijui?"

"Anaijua sana."

"Basi. Afaidiwe na watu baki tu?" Akajipangusa unga mikononi. "Na nataka nijionee hiyo kazi inayomfanya kila mara akuache peke yako na feni."

Nilipompelekea Dira habari hizo alikuwa anakunywa maji. Nusu yalishuka, nusu yakatokea puani.

"Mama? Mama yupi?"

"Mimi ninaye mmoja tu."

Akaenda kusimama dirishani. Nilidhani anafikiria ratiba. Kumbe alikuwa anahesabu sehemu zote za njiani ambapo ingembidi amshike mama mkono.

Kabla ya kila safari, wateja wanaitwa ofisini kuelezwa wajiandae vipi. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye ramani ukutani na viti vya plastiki, na mimi nina duka la dawa upande wa pili wa barabara, kwa hiyo huwa navuka kuja kueleza mambo ya sindano na vidonge. Safari hii walikuja daktari mmoja wa meno na mkewe, na pacha wawili wa makamo, dada na dada, wenye duka la vitambaa. Mama aliingia wa mwisho. Alikuwa amevaa gauni jipya la bluu iliyokolea, alilolishonesha kwa ajili ya safari, na kofia ambayo chini yake familia nzima ingejikinga mvua. Nyuma yake alikokota sanduku gumu la magurudumu. Alisema amelileta ili mwongozaji alione mapema. Akalisimamisha pembeni ya kiti chake, nalo likasimama pale kama friji.

Dira alianza vizuri. Alieleza kwamba wamechagua wakati mvua zimekatika ili njia zisiwe na utelezi, kwamba buti mpya zivaliwe nyumbani kwanza zilainike, kwamba kila mtu awe na koti jepesi la mvua hata hivyo, maana mawingu ya msituni hayasomi kalenda. Watu wakacheka. Kisha akafika kwenye mizigo.

"Begi liwe laini, la kukunjika," akasema. "Boti ya kuvukia ziwa ni ndogo, na kutoka gatini begi linabebwa begani."

Watu wote wakaligeukia lile friji.

"Kuna baadhi ya masanduku," Dira akaendelea, jasho likianza kumtoka, "ambayo ni mazuri sana. Imara. Ila, kwa namna fulani…" Akahamia kwenye nguo. "Rangi nazo. Karibu na ziwa kuna mbung'o, wale inzi wanaouma kama sindano. Wanapenda nguo nyeusi, na bluu iliyokolea."

Mama akanyoosha mkono.

"Mwongozaji, samahani. Hao inzi wanapenda bluu hii hapa, au kuna bluu yao nyingine?"

Pacha wakaanza kucheka wakiwa wameshikana. Dira akanitafuta kwa macho mpaka akaniona nimesimama mlangoni.

"Mwambie mama," akaniambia, mbele ya wateja wote, "kwamba rangi yenyewe ni nzuri sana."

Daktari wa meno akamtazama Dira, akanitazama mimi, akamtazama mama. Akatikisa kichwa kwa huruma, akamwinamia mama sikioni na kupaza sauti: "MAMA! ANASEMA RANGI NI NZURI!"

"Nimesikia, baba," mama akamjibu. "Masikio yangu ni mazima. Ni mwongozaji aliyepungukiwa na mdomo."

Zamu yangu ilipofika nilieleza vidonge vya malaria kwa kifupi: vinaanzwa kabla ya safari, vinaendelezwa huko, na mkisharudi hamviachi mpaka viishe. Na asiyechanjwa homa ya manjano aende akachanjwe wiki hii hii. Sidhani kama kuna aliyenisikiliza. Pacha walikuwa wanafuta machozi.

Siku iliyofuata Dira alinisihi niende kumwambia mama kuhusu sanduku. Nikaenda. Mama hakuniacha nimalize sentensi.

"Mwenye neno na alilete mwenyewe."

Jumapili tukaenda wote wawili. Sanduku lilikuwa limelala wazi juu ya meza ya keki, pale sebuleni alikoweka na oveni yake ya biashara, na mama alikuwa bado anajaza. Humo ndani niliona pasi, shuka, chupa kubwa ya chai, mto wake wa kulalia na gauni lingine la jioni, eti huenda wakaalikwa mahali. Dira alitazama pasi kwa muda mrefu. Halafu akanigeukia.

"Mwambie mama kambini shuka zipo."

Mama akafunga sanduku, akaliteremsha sakafuni, akalikalia.

"Mkwe," akasema, "hebu nikuulize. Tuko msituni. Mimi natembea, wewe uko nyuma yangu. Mbele ya mguu wangu kuna nyoka. Utampigia simu mwanangu dukani ili anipigie mimi?"

Dira akanitazama mimi.

"Nimekuuliza wewe. Usimtazame huyo."

"Hapana, Mama. Nitakwambia."

"Utaniambiaje? Hebu niambie." Mama akainuka, akaanza kutembea kutoka kwenye oveni kuelekea mlangoni, mkono mmoja ukishika fimbo ambayo haipo. "Natembea. Natazama ndege. Nyoka yule pale."

"Mama, samahani," Dira akasema, "kama hutojali, ungesimama kidogo."

"Ameshaniuma, amekwenda zake. Tena."

Akarudi kwenye oveni, akaanza upya.

"Simama… Mama."

"Hiyo ni salamu. Tena!"

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, mbavu zinaniuma kwa kicheko. Mama akanigeukia kwa ukali ambao sijauona tangu niache shule.

"Na wewe nenda jikoni. Wewe ndiye uliyemharibu. Kila akikwama unakimbilia kumsemea."

Nikaenda jikoni. Yaani nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, ambako ndiko mtu yeyote mwenye akili angesimama. Nikasikia hatua za mama. Nikasikia Dira akivuta pumzi. Kisha ikatoka sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa yetu sikujua kwamba ninaishi nayo nyumba moja:

"MAMA, SIMAMA HAPO HAPO!"

Nilichungulia. Mama alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine uko hewani. Nje, dirishani, jirani aliyekuwa anapita na ndoo naye alikuwa amesimama, hajui amefanya kosa gani. Dira alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mama akateremsha mguu polepole.

"Hapo ningepona," akasema. Akampungia jirani mkono aendelee na safari yake. "Sasa usipoe. Sanduku?"

"Sanduku haliendi, Mama."

"Pasi?"

"Haiendi."

"Gauni la bluu?"

"Porini halifai. Utalivaa ufukweni, jioni, hakuna mbung'o kule. Litakupendeza."

"Chupa ya chai?"

"Ndogo. Hiyo kubwa ni ya msiba."

Mama akacheka, na mimi nyuma ya mlango nikashika kinywa.

"Mto?"

"Mama, mto kwa kweli…"

"Mto unaenda. Hapo usinizoee."

"Mto unaenda," Dira akakubali.

Alivuta kiti akakaa karibu naye, jambo ambalo nalo sikuwahi kuliona. Akamuuliza kama amewahi kupanda boti. Akamuuliza anakunywa dawa gani za kila siku, na kama joto kali humpa kizunguzungu. Alikuwa anauliza kama anavyowauliza wateja wote, kwa sauti ya kawaida, bila haraka. Kisha akauliza: "Na magoti, Mama? Nambie ukweli. Sitakukataza kuja."

Mama akajishika goti.

"La kushoto," akasema. "Tangu mwaka jana. Kupanda naweza. Kushuka ngazi ndiko kunakonitoa machozi. Huwa nasubiri watu wapite kwanza, nashuka kama mtoto, kinyumenyume."

Nilisimama pale nyuma ya mlango, kicheko chote kimeniishia. Mimi ndiye mwenye duka la dawa. Mimi ndiye niliyekuwa namuuliza kila tukionana, "Mama, hujambo? Mzima?" naye ananijibu, "Mzima kabisa." Na nilikuwa nimeona anavyokawia kwenye ngazi za kanisani, nikadhani anasalimiana na watu.

"Basi hatutakwenda kwa njia ya juu," Dira alikuwa anasema. "Kuna njia ya chini ya kufikia maporomoko. Inazunguka, lakini ni tambarare, haina ngazi hata moja. Nitawapeleka wote huko."

"Usiwasumbue watu kwa ajili yangu."

"Daktari wa meno ana kitambi, Mama. Atakuombea dua."

Nilirudi sebuleni nikijifanya nimemaliza kuosha vyombo. Hakuna aliyeniuliza ni vyombo gani.

Kuanzia siku hiyo sikupewa ujumbe wowote wa kupeleka. Dira alimpelekea begi la kitambaa yeye mwenyewe. Alimnunulia fimbo ya kutembelea, akaikata ilingane na kimo chake. Mama naye alitii amri ya buti kwa moyo wote: alizivaa asubuhi mpaka jioni, akioka keki ya ghorofa kwa ajili ya harusi ya watu huku amevaa buti za kupandia milima chini ya aproni. Bwana harusi alipokuja kuichukua alimuuliza kama kuna tatizo la panya. Mama akamjibu kwamba yuko mafunzoni.

Kuhusu goti nilimnunia mama kwa siku kadhaa, simfichi mtu. Nilimpelekea dawa ya kuchua na bendeji ya kuvaa, nikamwambia kwamba mtoto naye anastahili kuambiwa.

"Wewe ningekwambia, ungenikalisha kwenye kiti," akanijibu. "Yeye kanitafutia njia."

Nikamfunga ile bendeji, kwa kukaza zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuwaaga. Mama alipanda gari katika suruali ya kaki, mto kwapani, akakaa kati ya pacha wawili na kuanza kuwauliza kama wamekunywa vidonge. Dira alifunga mlango, akazunguka gari lote akikagua matairi, akapanda. Sikuwahi kumwona anaondoka na uso mwepesi namna ile. Kwa kawaida mimi ndiye ninayebaki na roho juu, nawaza barabara na mito. Safari hii niliwahurumia wasafiri wenzao.

Walipofika ziwani nilipiga simu. Mama ndiye aliyepokea, ingawa simu niliyopiga ilikuwa ya mume wangu.

"Tunasubiri boti," akasema. Nilisikia upepo, na watu wanacheka kwa nyuma. "Imechelewa. Mwongozaji kasema tukae kivulini tunywe maji, tumekaa kivulini tunakunywa maji. Maporomoko nimeyaona, mwanangu. Nilisimama mpaka nikalowa. Daktari wa meno alilia, usimwambie mtu."

"Na goti?"

"Lipo."

"Na Dira? Hajachoka?"

"Kachoka sana. Unajua usiku anaamka kuzunguka mahema yetu? Nimemwambia leo alale, zamu nashika mimi na pacha mmoja. Tumekaa hapa ananisimulia alivyoanza kazi hii."

"Alianzaje?" nikauliza. Nilidhani ninaijua hadithi hiyo. Kisha nikagundua kwamba siijui.

"Ni mambo yetu," mama akasema. "Boti hiyo inakuja. Haya, tunaitwa, mwongozaji hataki uzembe."

Simu ikakatika. Mbele yangu, kwenye kaunta ya duka, mzee mmoja alikuwa amesimama na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi, akiniuliza kama inanywewa kabla ya chakula au baada. Nikamwambia baada. Ikabidi aniulize tena, kwa sababu nilikuwa nacheka na hakunielewa.