Atakuja Kesho

Mimi ni fundi wa samani za zamani, na sisemi hivyo kwa majivuno. Watu huniletea makabati ya bibi zao, meza zilizoliwa na mchwa, masanduku ambayo ufunguo umevunjikia ndani, nami huyafungua bila kuacha hata mkwaruzo. Lakini waliosema mganga hajigangi walinijua. Droo ya mama yangu mzazi ilikwama miaka miwili na nusu, na nyumba yake haifiki hata nusu saa kwa miguu kutoka karakana yangu.

Ilikuwa droo ya meza ya kuandikia aliyoiacha marehemu baba. Mama alinipigia simu akasema ufunguo unaingia, unazunguka kidogo, kisha unagoma. Nikamwambia nitakuja kesho. Dada yangu, anayeishi naye, alitaka kuibandua kwa bisibisi yaishe. Nilimfokea. Nilimwambia mbao ile haipatikani tena, asithubutu kuigusa, kazi ile ina mwenyewe. Basi akaniachia, na tangu siku hiyo akawa ananiita Bwana Kesho.

Nikienda kumsalimia mama, sikuwa na vifaa. Nikiwa na vifaa, nilikuwa na mteja. Mama hakulalamika. Mara moja tu alinishika mkono mlangoni nikiaga.

"Picha ya kaka yako imo mle," alisema. "Nimeanza kuisahau sura yake."

Kaka yangu alifariki akiwa na miaka sita, kabla mimi sijazaliwa, na picha yake ilikuwa hiyo moja tu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia mama hawezi kusahau sura ya mwanawe. Nikamwambia kesho.

Juzi dada alinipigia. Aliniita kwa jina langu, nikajua kuna jambo. Alisema siku hizi mama anasahau mchana alichokula asubuhi, na kwamba punde tu alikuwa amemuuliza yeye, bintiye, ni nani. Nilifunga karakana mteja akiwa bado mlangoni.

Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aliitikia salamu yangu kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni. Nikapiga magoti mbele ya meza. Nilikwangua risasi ya penseli nikapuliza unga wake ndani ya tundu la ufunguo, maana mafuta hunasa vumbi. Ufunguo ukazunguka kidogo, ukagoma. Sikuulazimisha. Nikapapasa ubao wa juu, nikakuta umebonyea katikati. Juu yake ilikaa televisheni ya zamani, nzito kama gunia la saruji, niliyomletea mama mimi mwenyewe ili asiwe mpweke siku ambazo siji. Uzito wake ndio uliokuwa umeubana ulimi wa kitasa. Kitasa chenyewe kilikuwa kizima, tulikuwa tunakisingizia tu.

Tukaishusha, dada na mimi. Nikazifunga kabari mbili nyembamba kwa kitambaa, nikaziingiza taratibu, nikauinua ule ubao kwa unene wa ukucha. Ufunguo ukazunguka. Droo ikatoka bila hata mkwaruzo. Dada alitazama saa ya ukutani: hazikufika dakika kumi. Ningeshukuru kama angenitukana.

Picha ilikuwa ndani ya bahasha, juu ya vitu vyote, mahali pa kuishika upesi. Mtoto amevaa shati lililomzidi, amekunja uso kwa sababu ya jua. Nikampelekea mama. Aliipangusa kwa kiganja, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mtoto mzuri," alisema. "Ni wako?"

Nilijuta mpaka nikaona aibu kuwa na mikono.

"Ni wako, mama," dada akasema.

Mama alitabasamu, kama mtu anayejua anataniwa, akanirudishia picha.

"Wangu naye nina picha yake, fundi," aliniambia. "Imo kwenye droo, imekwama. Lakini wewe usihangaike nayo, ile kazi ina mwenyewe. Mwanangu wa mwisho ni fundi hodari sana. Atakuja kesho."