Mpaka Nane

Kitu cha kwanza alichoona Akuam kilikuwa glasi. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, aliitoa kando ya kitanda cha Mama Brian ikiwa na maji kidogo chini, yaliyobaki baada ya dawa ya presha. Jumatatu moja aliikuta kavu. Jumanne kavu tena, na vumbi jembamba limekaa ndani. Alipofungua droo, vidonge vilikuwa kwenye karatasi yake na hakuna hata kimoja kilichotobolewa.

Hakuuliza. Akuam hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na tangu mama yake azikwe aliishi kwa Mama Brian, fundi wa sare za shule pale Isiolo mjini. Brian mwenyewe alikuwa kazini Mombasa. Nyumbani walibaki wawili, na maneno mengi yalikuwa ya mmoja.

Wiki hiyo mambo yalifuatana. Mama Brian alimpa jirani yao Fardowsa sufuria yake kubwa ya pilau, ile asiyokubali hata kuiazima. Alimpigia simu dada yake wa Meru, waliyenyamaziana naye miaka sita kwa ajili ya shamba la mama yao, wakalia wote wawili. Halafu akaenda studio, akarudi na picha yake kubwa ndani ya fremu.

"Hii ni nzuri," alisema akiiweka juu ya kabati. "Ile ya kitambulisho nakaa kama mwizi wa mbuzi. Nisije nikawekwa hiyo."

Kuwekwa wapi? Akuam aliendelea kukunja sare.

Ijumaa jioni alijikaza. Alichukua vidonge, akaviweka kwenye kisosi pamoja na glasi ya maji, akavipeleka jikoni, akasimama tu. Mama Brian alivitazama, akacheka bila sauti.

"Umeona, eh? Wewe mdomo umefungwa, lakini hayo macho." Alisukuma kisosi pembeni. "Kesho ni hamsini, Akuam. Miaka nane imeisha."

Kanisa lote lilijua habari ya miaka nane. Mama Brian akiwa na arubaini na miwili, homa ilimpanda kichwani, akalala siku tatu bila kujitambua. Akina mama walikesha wakiimba na kuomba kando ya kitanda. Siku ya tatu alifungua mdomo, akasema mara mbili, mpaka nane. Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Yeye hakukumbuka neno. Mama Gichunge, mwenyekiti wa akina mama, ndiye aliyemwambia: "Ulimwomba Mungu miaka nane, na amekusikia." Tangu hapo kila mwaka aliuhesabu mbele ya watu, na watu wakasema amina.

"Nikimeza sasa ni kama kumshika Mungu shati," Mama Brian alisema. "Nilisema nane, akanipa nane, hakupunguza hata siku moja. Brian amemaliza shule, ana kazi. Nimwambie nini tena? Kwamba nilikuwa natania?"

"Mama Brian..."

"Sema."

Akuam alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale.

"Chai inapoa," alisema.

Usiku huo usingizi ulimkataa Akuam. Maana siku ile ya homa, yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, ameshika kitambaa cha maji juu ya paji la uso wa mgonjwa, sikio lake karibu na ule mdomo uliokauka. Akina mama walikuwa wanaimba. Walisikia nane. Mtu wa pwani akihesabu miaka atasema minane, na asingekosea. Lakini huku kwetu nane ni nane, ya miaka, ya mbuzi, ya darasa. Akuam alisikia kilichotangulia hiyo nane. "Mpaka la nane, Bwana. Mtoto afike la nane."

Yeye ndiye alikuwa mtoto. Brian wakati huo alikuwa sekondari, darasa la nane alishalipita. Akuam alikuwa la sita, na alikuwa hajaenda shule wiki tatu kwa sababu ya kumwangalia mgonjwa. Homa ilipoisha, duka la sare lilihitaji mtu. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza, sare yake ikawa fupi, na siku moja Mama Brian akaishona upya, akamuuzia mteja.

Ungelisemaje hilo? Uliniombea mimi, na ni kwa ajili yako sikufika. Unamwambiaje hivyo mtu aliyemzika mama yako? Miaka yote aliona ni afadhali wahesabu wanavyotaka. Hakujua kwamba hesabu ina siku ya kufika.

Jumamosi sebule ilijaa. Mama Brian alivaa gauni jeupe ambalo Akuam hakuwahi kuliona. Mama Gichunge alikuwa ameficha jagi la maji nyuma ya mlango, tayari kummwagia kama wafanyavyo siku ya kuzaliwa, na kila mtu alijua isipokuwa mwenye siku.

"Salaam aleikum, bibi kizee!" Fardowsa aliingia na sahani ya sambusa.

"Wewe nyamaza, umebakisha miaka miwili uje huku," Mama Brian alimjibu, na watu wakacheka.

Akuam hakucheka. Alikuwa ameona kisu cha keki kikiteleza kutoka mkono wa kushoto wa Mama Brian. Aliona akikiokota kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akiuficha kwenye mikunjo ya gauni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na feni ilikuwa inamwelekea yeye.

Mama Brian alisimama kutoa ushuhuda, ameegemea kabati, picha yake ikiwa nyuma ya kichwa chake.

"Nimejifunza polepole," alisema. "Nilidhani imani ni kupiga kelele. Nikaugua, nikajua ni kutulia. Nilikuwa na hasira, nimeipunguza. Nilikuwa na dada nimemtupa, nimemwokota. Kama kuna mtu hapa nilimkosea, anisamehe leo leo, nisimwache na neno." Aligusa shingo. "Mungu alinipa nane. Imetimia. Sina kinyongo naye."

"Amina!" walisema. Walisikia unyenyekevu. Fardowsa peke yake alikunja uso, akaitazama ile picha, akamtazama Akuam.

"Basi tusimame," Mama Gichunge alisema, "tumkabidhi mama yetu mikononi mwa Bwana."

Viti vilisogezwa. Mama Brian alifumba macho na kuinamisha kichwa, ametulia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye foleni. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia.

"Ngojeni," Akuam alisema.

Watu waligeuka. "Ni nani huyo?" Mama Gichunge aliuliza. "Akuam? Kumbe una sauti!"

Wengine wakaanza kucheka, kisha wakaacha. Akuam alikuwa na sahani mikononi. Aliiweka chini, akapenya katikati yao, akaushika ule mkono uliofichwa. Ulikuwa baridi na mzito.

"Fardowsa, tafuta gari ya hospitali," alisema. "Sasa hivi." Fardowsa alikuwa ameshatoa simu.

"Mtoto, acha," Mama Brian alisema kwa ulimi mzito. "Nane imeisha."

"Haikuwa miaka. Ulisema la nane. Mtoto afike la nane. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kitambaa, nilisikia." Mama Brian alifumbua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo yalikuwa na hofu. "Mtoto ni mimi, na niliishia la sita. Niliacha nikuangalie wewe, halafu hakuna mtu aliyeniuliza. Nilitaka kurudi shule, Mama. Bado nataka."