Maji ya Kwanza

"Hapa usiweke," Mama Vitambaa alimwambia fundi.

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya sakristia, chumba cha padri kuvalia, kitofali cha saruji mkononi. Alilitazama beseni alilobeba mama huyu, akacheka. "Mama, nimeambiwa uwanja wote, wageni wa jubilei wasikanyage vumbi. Nikiruka hapa patakuwa kama pengo la jino."

"Acha liwe pengo."

"Paroko anajua?"

Mama alimpa mgongo. Aliinama chini ya dirisha la sakristia akamwaga maji polepole mpaka yakazama yote. Fundi alijikuna kichwa, akasogeza kamba yake ya kupimia kando kidogo. Ya nini kubishana na mtu mzima?

Kazi ya Mama Vitambaa ilikuwa kufua nguo za altare, na kazi hiyo ina miiko yake. Kitambaa kilichofuta kalisi, kikombe cha divai ya misa, hakichanganywi na nguo nyingine. Kinaloweshwa kwanza peke yake, na maji hayo ya kwanza, kwa kuwa huenda yamebeba tone la divai iliyokwisha kuwa Damu ya Kristo, hayamwagwi mferejini. Yanarudishwa ardhini. Baada ya hapo ndipo sabuni, ndipo kamba, ndipo pasi. Waumini walijua habari ya pasi tu, maana vitambaa vyake vilinyooka hata nzi angeteleza.

Wasichojua ni kwamba chini ya dirisha lile alilala mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa alfajiri, akafa kabla jua halijachomoza, hana ubatizo wala jina. Paroko wa enzi hizo alikuwa mtu wa sheria: asiyebatizwa haingii makaburi ya parokia. Lakini jioni ileile alimwonyesha baba wa mtoto kipande kile cha ardhi, akamletea jembe kwa mkono wake mwenyewe. Wakazika, wakanyamaza. Mama alipopata nguvu ya kutembea, paroko alimwita akampa kazi ya vitambaa.

"Maji ya kwanza yanarudi ardhini," alimwambia bila kumtazama usoni. "Wapi, utachagua mwenyewe."

Akachagua. Paroko alikufa, mume akafuata, siri ikabaki kwake na kwa udongo. Mtoto alikosa maji ya ubatizo, basi apate haya. Hakuwahi kumuuliza padri yeyote kama mbinguni jambo hilo linakubalika. Aliogopa jibu.

Siku ya kilele, parokia ikitimiza miaka mia, Mama Vitambaa alitoka na beseni lake baada ya misa ya asubuhi. Fundi alikuwa muungwana, pengo alikuwa ameliacha. Ila juu ya pengo palikuwa na chungu kikubwa cha saruji kimejaa maua ya plastiki, na kando yake amesimama wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Kwa kuwa hakuna kamati aliyowahi kuikosa, watu walimwita Kamati.

"Wifi, nani kaweka hiki?"

"Mimi. Yule fundi kalipua kazi, kaacha shimo. Si pamependeza?"

"Kiondoe."

"Askofu yuko njiani, wewe! Hayo maji kayamwage mferejini leo tu, Mungu si anaona tuna wageni?"

Mama Vitambaa alilikumbatia beseni lake. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu.

"Kaka yako alimzika mtoto wetu hapo."

Kamati alirudi hatua moja nyuma kutoka kwenye chungu. Kanisani kwaya ilikuwa ikijaribu vipaza sauti.

"Mliniambia alizikwa kijijini, kwa babu yake."

"Ndivyo tulivyosema."

"Mimi ni shangazi yake! Shangazi mzima, mkanificha? Nimepita hapa na viatu vyangu miaka yote!"

"Kwa mdomo wako huo, wifi, habari ingefika kwa askofu kabla ya jioni."

Kamati alicheka. Kisha akalia, na poda aliyojipaka kwa ajili ya picha ikaharibika yote. Alijifuta kwa mkono, akaukamata ukingo wa chungu. "Sukuma, basi. Unanitazama nini?"

Wakasukuma. Chungu kilikuwa kizito, kikakwaruza vitofali vipya, maua mawili yakaanguka. Kengele ikaanza kulia, na mtu akaita kutoka mlango wa kanisa, "Kamati! Askofu kafika!"

"Mpeni maji anywe!" Kamati alijibu bila kugeuka. Alivua viatu vyake vya visigino, akavipanga pembeni, akasimama peku ukingoni mwa udongo.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Paji la uso lilikuwa lako."

Kamati alijigusa paji la uso. Kisha akanyoosha mikono. Mama Vitambaa hakumwachia beseni, bali alimsogezea ukingo mmoja. Wakainamisha pamoja. Maji yalituama kidogo juu ya udongo, kisha yakaanza kuzama, na huku kengele ikilia hakuna aliyeondoka.